Pistoni ya Tatu: Maelezo juu ya Kufunga Pistoni na Ringi katika Pikipiki ya Mipigo Miwili

Maelezo haya yalitolewa katika uwanja wa karakana ya Halmashauri mbele ya mafundi pikipiki, madereva wa bodaboda na watumishi wa kata wanaosafiri kwa pikipiki. Yanachapishwa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Juu ya meza hii zipo pistoni mbili zilizokufa. Zote zimetoka katika pikipiki moja, Yamaha DT125 ya afisa mifugo wa kata, na kati ya kifo cha kwanza na cha pili zilipita siku tisa tu. Ya kwanza ilinoki afisa huyo akipandisha mlima, kasha la chanjo ya mdondo wa kuku likiwa limefungwa nyuma ya kiti. Katika kijiji alichokuwa akienda, wafugaji walikuwa wamewafungia kuku bandani tangu alfajiri kama walivyoagizwa. Saa tano waliwafungulia bila chanjo. Ya pili ilinoki kwenye mteremko wa barabara ileile. Safari hiyo gurudumu la nyuma lilishika ghafla, pikipiki ikalala, na afisa akainuka na mkono uliochubuka na suruali iliyochanika. Lau angekuwa amempakia mtu, huenda leo yangezungumzwa mambo mengine kabisa.

Kati ya matukio hayo mawili hakuna aliyezembea kwa makusudi. Fundi alinunua pistoni mpya, ringi mpya na gasketi mpya, akafunga, injini ikawaka kwa kiki ya pili, na kila mmoja akaridhika. Kosa lake lilikuwa moja: alibadilisha kilichovunjika bila kuuliza kilivunjwa na nini. Sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu swali hilo, kwa sababu kazi ya mikono ya kufunga pistoni inaweza kumalizika kwa nusu siku, lakini injini hurudi mezani kwa mambo yaliyorukwa kabla ya spana ya kwanza kushikwa.

Bodaboda nyingi zinazouzwa sasa ni za mipigo minne, zenye vali na oili inayokaa chini ya injini. Hata hivyo DT125, AG100 na wenzao wa zamani bado wako mikononi mwa maafisa ugani, na kwa watu binafsi walionunua pikipiki hizo zilipomaliza utumishi wake. Ni nyepesi, hazina mambo mengi, na kwenye vilima vyenye matope zina sifa ambayo haijapotea. Tena msumeno wa mnyororo wa mpasua mbao una injini ya jamii hiyohiyo, kwa hiyo mengi yatakayosemwa hapa yanamhusu naye.

Injini ya mipigo miwili haina vali juu ya silinda. Kazi hiyo hufanywa na pistoni yenyewe. Katika ukuta wa silinda yametobolewa madirisha: moja la kutolea moshi kwenda kwenye ekzosi, mengine ya kupandisha mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka chumba cha kranki hadi juu ya pistoni. Pistoni ikipanda huyafunga, ikishuka huyafungua. Kwa kuwa mchanganyiko huo hupita kwanza ndani ya chumba cha kranki ndipo uende kuungua juu, chumba hicho hakiwezi kujazwa oili kama ilivyo katika mipigo minne. Oili yote inayolainisha beringi, pini, pistoni na ringi ni ile kidogo inayosafiri pamoja na petroli, kisha ikaungua na kutoka. Haizunguki, wala hairudi. Ikikatika, hakuna akiba iliyofichwa mahali popote ndani ya injini.

Hapo ndipo unapoonekana ugumu wa maisha ya ringi. Katika kila mzunguko wa kranki, ringi hupita mbele ya madirisha ikipanda na ikishuka. Ncha zake zikielekea dirishani, hujitokeza nje kidogo, zikanasa ukingoni na kukatika. Ndiyo sababu katika kila mfereji wa ringi, kwenye pistoni ya mipigo miwili, kuna kijipini kidogo kinachozuia ringi isizunguke, na ncha za ringi lazima zikutane mahali kilipo. Fundi aliyezoea mipigo minne tu hukipuuza, kwa sababu katika injini anazozijua ringi huachwa huru kuzunguka.

Dalili za pistoni na ringi kuchoka zinafahamika kwa wengi. Kiki inakuwa nyepesi kama ya baiskeli. Injini haiwaki asubuhi mpaka isukumwe. Inapanda mlima kwa gia ya kwanza mahali ilipokuwa ikipanda kwa gia ya pili. Kunasikika mlio wa kugonga injini ikiwa baridi, ambao hupungua inapopata joto, kwa kuwa pistoni hutanuka na kuijaza silinda. Moshi si shahidi mzuri, maana injini hii hutoa moshi hata ikiwa nzima. Kinachopaswa kumshtua mwenye pikipiki ni moshi uliokuwepo kisha ukatoweka.

Mafundi watazame sasa pistoni hizi mbili kwa karibu. Pistoni iliyokufa husomeka kama nyayo zinavyosomeka kwa mchungaji. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi, ambao ndio wenye joto kali kuliko pande zote, husema kwamba oili ilipungua au injini ilizidiwa na joto. Upande wa kabureta ukiwa umesuguliwa hadi ukawa wa kijivu usio na mng'ao, hilo ni vumbi: chujio la hewa limepasuka, limekauka, au yupo aliyeling'oa ili pikipiki ipate kupumua. Mikwaruzo katika pembe nne huonyesha injini iliyowashwa ikiwa baridi na kukimbizwa papo hapo, au pistoni iliyobana mno ndani ya silinda. Tundu katikati ya utosi, au ukingo ulioyeyuka, hutokana na mchanganyiko wenye petroli kidogo kupita kiasi. Pengine hewa inaingia kwenye mpira wa kabureta au kwenye sili ya kranki. Huweza pia kutokana na plagi isiyo ya kiwango chake, au moto unaopigwa mapema mno.

Pistoni hizi mbili zina mwandiko mmoja. Zote zimechanika upande wa ekzosi, na utosi wa kila moja ni mzima. Ilipoletwa ya pili, ndipo mtu mmoja karakanani alipofungua kifuniko kidogo ubavuni mwa injini, mahali ilipo pampu ya oili. Waya wa kukaba mafuta katika pikipiki hii hugawanyika mara mbili: tawi moja huenda kwenye kabureta, jingine kwenye pampu ya oili, ili dereva anapoongeza mafuta na oili iongezeke. Tawi la pampu lilikuwa limelegea na kutoka mahali pake. Pampu ilikuwa ikitoa kiasi kilekile cha injini iliyosimama ikinguruma, hata pikipiki ilipokuwa ikipanda mlima kwa nguvu zote. Kwenye tambarare injini ilivumilia. Mlimani haikuweza.

Afisa alipoulizwa, alikumbuka kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akiisifu pikipiki yake kwa kutokula oili. Alikuwa akitazama tangi la oili, analiona limejaa, anafurahi. Hakuna wa kumlaumu; ni nani asiyependa chombo kisicho na gharama? Lakini kwa mwenye pikipiki ya namna hii, oili isiyopungua tangini ni habari mbaya kuliko oili inayokwisha upesi.

Na je, kwa nini pistoni ya pili ilidumu siku tisa badala ya kufa siku ileile? Kwa sababu fundi, kwa tahadhari nzuri kabisa, alichanganya oili katika petroli ya tangi la kwanza. Tangi hilo lilipokwisha, pistoni mpya ikabaki na pampu mbovu ileile.

Baada ya chanzo kujulikana, kazi yenyewe huanza kwa kuosha. Injini huoshwa nje kabla ya nati yoyote kulegezwa, maana tope lililokauka kwenye mapezi ya silinda ndilo litakaloangukia ndani. Kabureta na ekzosi hutolewa, nati za kichwa hulegezwa kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba injini ikiwa imepoa, kisha silinda huvutwa juu taratibu. Mara tu sketi ya pistoni inapoonekana, kitambaa safi kisichotoa nyuzi husokotwa na kuziba mdomo wa chumba cha kranki, kikizunguka konrodi. Hili si pambo. Klipu ya pini ni waya mdogo wenye tabia ya kuruka, na ikidondokea chini, injini nzima italazimika kutolewa kwenye fremu na kupasuliwa katikati.

Pini ya pistoni husukumwa kwa mkono au kwa kifaa cha kuvutia. Ikigoma, pistoni hupashwa joto kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto. Nyundo haina nafasi hapa. Pigo linalopitia kwenye pini huishia kwenye konrodi, na konrodi iliyopinda hata kidogo huisukuma pistoni mpya upande mmoja mpaka iliwe. Pini ikishatoka, fundi hushika konrodi na kuivuta juu na chini bila kuitikisa kando. Ikiwa inacheza juu na chini, beringi kubwa ya kranki imekufa, na ni heri mwenye pikipiki aambiwe ukweli huo kabla hajanunua pistoni.

Sasa kuna kupima, na hapa pana haja ya kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo haraka ya wengi ilipo. Silinda ya DT125 ilitoka kiwandani ikiwa na kipenyo cha milimita 56.00. Haiishi kwa usawa. Huliwa zaidi juu, karibu na mahali ringi zinapogeuka, na kuzunguka dirisha la ekzosi. Kwa hiyo hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili: sambamba na pini, na kwa kukingama nayo. Vipimo sita huandikwa kwenye karatasi. Pistoni mpya hupimwa kwa maikromita kwenye sketi, karibu na ukingo wa chini, kwa mwelekeo unaokingamana na pini, kwa sababu pistoni si duara kamili wala haina unene mmoja kutoka juu hadi chini. Anayeipima utosini hupata kipimo kidogo na kudhani kwamba mwanya ni mkubwa.

Tofauti kati ya silinda na pistoni ndiyo mwanya. Katika injini ndogo za aina hii mwanya huwa sehemu chache tu za mia za milimita, mara nyingi kati ya 0.03 na 0.06, na kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye neno la mwisho. Ni mwembamba kuliko unywele. Kidole hakiwezi kuupima, hata kiwe kidole cha fundi wa miaka thelathini. Ukizidi, pistoni hugonga, ringi huyumba katika mifereji yake na nguvu hupotea. Ukipungua, pistoni hutanuka kwa joto ikakosa pa kwenda.

Silinda ya afisa mifugo ilipopimwa ilikutwa na milimita 56.11 juu ya dirisha la ekzosi. Pistoni ya pili, iliyofungwa bila kupima, ilikuwa na 55.96. Mwanya ulikuwa 0.15. Hata kama pampu ya oili ingekuwa nzima, pistoni ile isingeuona mwaka mpya.

Silinda ya chuma iliyoliwa huchongwa ikafungwa pistoni kubwa zaidi. Yamaha hutoa pistoni za ziada kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Hatua huchaguliwa kwa kuangalia kina cha mikwaruzo. Katika silinda hii 0.25 isingetosha kuifuta, hivyo ikachaguliwa 0.50. Pistoni hununuliwa kwanza, hupimwa, ndipo silinda ipelekwe kwa mchongaji ikiambatana nayo. Pistoni mpya ilipima 56.46, mchongaji akaombwa 56.50, na mwanya ukawa 0.04. Anayechonga kwanza kisha akaenda dukani kutafuta pistoni huwa ameuachia bahati uamuzi usio wake. Pia yafaa kukumbuka kwamba zipo silinda za aluminiamu zilizopakwa tabaka gumu ndani. Hizo hazichongwi kwa njia hii, na fundi hana budi kuzitambua kabla ya kuzipeleka kwenye mashine. Ile ya DT125 hii ina ala ya chuma.

Silinda inaporudi kutoka kwa mchongaji, kingo za madirisha huwa kali kama wembe. Hulainishwa kwa msasa mwembamba mpaka ukucha upite bila kukwaruzwa, la sivyo ringi mpya zitakatwa siku ya kwanza. Kisha silinda huoshwa, na hapa pana jambo ambalo wengi hulifanya nusu. Petroli huondoa grisi, lakini haiondoi unga wa jiwe la kunolea ulionasa katika mistari myembamba ya ukuta. Unga huo ni mkali na utaisaga pistoni kimyakimya. Huondolewa kwa maji ya moto, sabuni ya kawaida na brashi, kwa kurudia, hadi kitambaa cheupe kinachopitishwa ndani kitoke cheupe. Hapo hapo silinda hukaushwa na kupakwa oili, kwa kuwa chuma kilichooshwa hushika kutu upesi mno. Maji hayo machafu na petroli ya kuoshea visimwagwe kwenye mfereji unaoteremkia kisimani.

Ringi nazo hupimwa moja moja. Ringi huingizwa ndani ya silinda bila pistoni, ikasukumwa kwa utosi wa pistoni ili ikae wima sawasawa, kisha mwanya kati ya ncha zake hupimwa kwa bati za kupimia nyufa. Kwa silinda ya ukubwa huu mwanya huo kwa kawaida haupungui milimita 0.2. Ukiwa mdogo zaidi ya kinachotajwa kitabuni, ncha hupunguzwa kwa tupa laini, ikisukumwa kutoka nje kuelekea ndani, pole pole. Ringi yenye ncha zilizokaribiana mno hutanuka kwa joto, ncha zikagusana, na ringi ikaibana silinda kama pete kwenye kidole kilichovimba. Wapo wanaofikiri kwamba ringi inayotoka kwenye kiboksi kipya haina haja ya kupimwa. Kiboksi hakijui silinda imechongwa kwa kipimo gani.

Ringi huvalishwa pistoni kwa vidole gumba, ya chini kwanza, ikitanuliwa kwa kiasi tu cha kupita. Herufi iliyochongwa karibu na ncha hutazama juu. Katika pistoni nyingine ringi ya juu ina umbo la kabari na ya chini ni ya kawaida. Zikibadilishana mfereji, moja itabana na nyingine italegea. Ncha hupangwa penye vijipini, na fundi huikandamiza ringi kwa vidole kuhakikisha kwamba imezama yote katika mfereji wake.

Mshale uliochorwa kwenye utosi huelekea ekzosi. Mshale huu si wa urembo: ukigeuzwa, ncha za ringi zitapita mbele ya dirisha, na madhara yake yameshaelezwa. Beringi ya sindano ya konrodi hupakwa oili, pini husukumwa mahali pake, na klipu mpya hufungwa. Klipu zilizokwisha kutolewa hazirudishwi hata zikionekana nzima. Mwanya wa klipu usielekezwe penye kata ya kutolea, na klipu ijaribiwe kwa bisibisi ndogo kama kweli imekaa katika mfereji. Klipu ni kijiwaya cha bei ndogo mno, lakini ikichomoka itachimba ukuta wa silinda mpya kutoka juu hadi chini.

Gasketi mpya ya chini huwekwa kabla ya silinda. Pistoni hupakwa oili, ringi hubanwa kwa vidole, na silinda huteremshwa wima. Haizungushwi. Mtu akiizungusha ili ipite kwa urahisi, ncha ya ringi itaingia dirishani na kukatika, na mlio wake ni mdogo kiasi kwamba hautasikika kama redio iko juu. Ikigoma, hurudishwa juu na kutazamwa upya. Ringi iliyokaa vibaya haikubali kulazimishwa. Kitambaa kilichozibia chumba cha kranki hutolewa pistoni ikishaingia, na fundi mwangalifu hukihesabu. Nati za kichwa hukazwa kwa msalaba, kwa awamu mbili au tatu, kwa spana ya kupimia mkazo. Plagi ikiwa bado nje, kiki husukumwa kwa mkono taratibu mara kadhaa. Kila kitu kinapaswa kuteleza bila kukwaruza.

Sasa pampu. Waya wake hurekebishwa mpaka alama iliyo kwenye gurudumu dogo la pampu ilingane na alama yake, kama kitabu kinavyoeleza. Skrubu ya kutolea hewa hufunguliwa, oili huachwa itiririke mpaka mapovu yaishe kabisa, ndipo ifungwe. Povu moja katika mrija huo mwembamba linaweza kumaanisha muda mrefu bila oili. Kwa tangi la kwanza la petroli huongezwa oili ya mipigo miwili hata kama pampu inafanya kazi, mililita 20 kwa kila lita ikiwa kiasi cha kadiri. Kuzidisha sana si uangalifu, kwa sababu oili inayochukua nafasi ya petroli huufanya mchanganyiko uwe na petroli kidogo zaidi, na joto likapanda. Oili ya injini ya mipigo minne haifai hapa, wala oili iliyomwagwa kutoka kwenye gari la mtu.

Injini ikishawaka, huachwa ipate joto kwa dakika chache, izimwe, ipoe kabisa. Hurudiwa hivyo mara mbili au tatu. Ikiwa baridi, nati za kichwa hukaguliwa tena. Katika kilomita 500 za mwanzo dereva asiifungulie mafuta yote, asiibane kwa gia kubwa mlimani, asibebe magunia, na asiende kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kwa dereva wa bodaboda hili ni gumu, kwani abiria haulizi pistoni ina umri gani. Afadhali aseme wazi kwa wiki mbili kwamba anabeba mtu mmoja mwepesi, kuliko kukaa kijiweni mwezi mzima bila chombo.

Lipo jambo moja la barabara zetu za milimani ambalo kila dereva wa mipigo miwili anapaswa kulijua. Katika mteremko mrefu, dereva hufunga mafuta na kuiacha gia iishikilie pikipiki. Kwa mipigo minne hilo halina neno. Kwa mipigo miwili, anapofunga mafuta anafunga na oili, huku pistoni ikikimbizwa na gurudumu kwa kasi kubwa. Inafaa kushuka kwa mwendo mdogo, kutumia breki zote mbili, na kufungua mafuta kidogo kila baada ya mwendo mfupi ili oili ipite. Injini ikianza kulegea ghafla au kutoa mlio mkali, klachi ibanwe papo hapo kabla ya kitu kingine chochote. Afisa mifugo hakuibana, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia, na ndiyo maana gurudumu lilishika.

Kwa wakazi wanaopeleka pikipiki zao kwa mafundi wa mitaani, hakuna ubaya wowote kuomba kuonyeshwa pistoni ya zamani na kuuliza imekufa kwa nini, wala kuomba vipimo vitatu viandikwe kwenye risiti: kipenyo cha silinda, kipenyo cha pistoni na mwanya wa ringi. Fundi mzuri hataona ametukanwa; atafurahi kupata mteja anayejua anacholipia. Kwa watumishi, ombi la kipuri linalosema tu "pistoni moja" halimpi mnunuzi habari ya kutosha. Linatakiwa litaje aina ya pikipiki, ukubwa wa pistoni na chanzo cha hitilafu, ili kisinunuliwe kipuri kisichoendana na silinda kama ilivyotokea mara ya kwanza.

Pistoni ya tatu sasa imo ndani ya DT125 ile iliyoegeshwa chini ya mwarobaini. Imeshatembea kilomita 340, na oili tangini inapungua. Afisa alifika katika kijiji kile zaidi ya wiki tatu baada ya siku ya ahadi. Mdondo ulikuwa umeshafika kabla yake, na katika kaya kadhaa alikuta mabanda hayana kuku wa kuchanjwa.

Pistoni mbili zilizokufa zitabaki kwenye rafu ya karakana, pamoja na karatasi ya vipimo sita. Fundi au dereva yeyote anayetaka kuzishika na kuzitazama anakaribishwa siku za kazi, na bati za kupimia nyufa zipo hapo kwa atakayetaka kujifunza kuzitumia.